Kontena la stoo nyumbani: mambo ya kujua kabla ya kuweka mahindi ndani

Kila mwaka mavuno yanapoisha hapa Ufipa, swali hili hurudi kwenye simu za wasikilizaji wetu: nikinunua kontena nikaliweka uani, je, mahindi yangu yatakaa salama mpaka bei ipande? Wengine huuliza kwa ajili ya saruji, mabati, vifaa vya biashara au samani za nyumba iliyo kwenye ujenzi. Lakini wengi wanawaza mahindi, kwa sababu anayeuza Julai huuza pamoja na kila mtu, na anayeweza kusubiri hadi Januari au Februari mara nyingi hupata bei nzuri zaidi.

Jibu letu fupi ni hili: kontena zuri huzuia mwizi, panya na mvua. Halikaushi mahindi. Ukiingiza mahindi yenye unyevu, maji yatakayoyaharibu yatatoka ndani ya magunia yenyewe.

Jambo hili tulijifunza kwa hasara. Mmoja wetu hapa studio aliweka magunia ya mama yake katika kontena la jirani mwezi Juni. Kontena halikuwa na tundu hata moja. Septemba walipofungua, kabla hata mvua ya kwanza haijanyesha, magunia ya safu ya juu yalikuwa na madoa meusi na mahindi yameshikana mabonge. Mama aliuliza paa linavuja wapi. Halikuwa linavuja popote. Magunia 11 yalitupwa, na fedha ya ada ya mdogo wake ilibidi itafutwe kwingine.

Makala haya yanaeleza kilichotokea ndani ya kontena lile, na namna ya kulitumia kontena bila kupata hasara hiyo.

Kontena ni nini hasa

Makontena tunayoyaona leo yana historia fupi. Tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Aliyebuni safari ile, Malcom McLean, alikuwa mfanyabiashara wa malori aliyechoka kuona mizigo ikipakuliwa gunia kwa gunia bandarini. Baadaye nchi zilikubaliana vipimo vya pamoja, ndiyo maana kontena la China hukaa sawasawa juu ya lori la Dar es Salaam.

Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06 kwa nje, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59. Ndani lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi, na likiwa tupu huwa na uzito wa kati ya tani 2 na 2.5. La futi 40 lina urefu wa mita 12.19 na uzito wa karibu tani 4 likiwa tupu. Yapo pia makontena marefu zaidi kwa kimo, yenye mita 2.90.

Kuta zake ni chuma chembamba cha takribani milimita 2, kilichokunjwa mikunjo ili kiwe imara. Uzito wote hubebwa na nguzo nne za kwenye pembe. Hii ni muhimu: ukikata ukuta kuweka dirisha au mlango mkubwa, unapunguza uimara, na fundi lazima aweke fremu ya chuma kuzunguka alipokata. Sakafu ni plaiwudi nene ya milimita 28, na mara nyingi imewekwa dawa ya kuua wadudu kiwandani. Kwa sababu hiyo chakula kisimwagwe moja kwa moja juu ya sakafu hiyo.

Maji yanatoka wapi

Hewa hubeba maji ambayo hatuyaoni. Hewa ya joto hubeba mengi, hewa ya baridi hubeba machache. Ikipoa ghafla, maji iliyoshindwa kuyabeba huganda kama matone kwenye kitu chenye baridi kilicho karibu. Ni jambo lile lile linalotokea kwenye chupa ya soda ikitolewa kwenye friji.

Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai jua la mchana ni kali, lakini usiku baridi inashuka mpaka watu wanawasha jiko la mkaa. Paa la kontena ni chuma kitupu: mchana linachemka, usiku linapoa kuliko kitu chochote kilicho ndani. Mvuke ukipanda kutoka kwenye magunia unakutana na paa hilo, unageuka matone, na matone yanadondokea gunia la juu. Mabaharia wanalijua tatizo hili, na wasafirishaji huliita jasho la kontena.

Tufanye hesabu. Hewa yenye joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60 ikipozwa hadi nyuzi 10, katika kontena la futi 20, huachia maji zaidi kidogo ya nusu kikombe cha chai. Hayo ni machache. Shida ni kwamba mahindi mabichi huongeza mvuke mwingine kesho yake, na kesho kutwa.

Chukua gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18. Ili lifike asilimia 13.5, kiwango cha juu kinachokubalika kwa mahindi katika Afrika Mashariki, linatakiwa kupoteza maji ya lita 5 na kidogo, yaani dumu la mafuta ya kula lililojaa. Ukiwa na magunia 80, hayo ni zaidi ya mapipa mawili ya lita 200. Stoo ya kizamani ya fito au kihenge kinachopitisha hewa huyaacha maji hayo yatoke polepole. Kontena lililofungwa vizuri halina pa kuyapeleka.

Mahindi yakilowa hupata ukungu, na baadhi ya ukungu huzalisha sumukuvu. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula nafaka yenye sumu hiyo. Haionekani kwa macho, haina ladha, na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo gunia lililoota ukungu lisipelekwe mashineni kwa matumaini kwamba ugali utachemka vya kutosha, wala lisichanganywe na mazuri ili liuzike.

Kausha kwanza, ingiza baadaye

Anika mahindi juu ya turubai au chanja, yasiguse ardhi, na yageuzwe mara kwa mara. Kuyang'ata kwa meno husaidia lakini kunadanganya. Kipima unyevu ndicho cha kuaminika, na vituo vingi vya kununulia nafaka huwa nacho.

Kama huna, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, weka mahindi na chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha uache yatulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Bado ongeza siku za jua kabla ya kufunga magunia, kwa sababu lengo ni 13.5 au chini yake.

Kuhusu wadudu, kontena lina faida na hasara. Dumuzi mkubwa, ambaye wakulima wengi wa Tanzania humwita Scania, aliripotiwa kwa mara ya kwanza barani Afrika mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo amekula maghala mengi. Baridi ya Ufipa humpunguzia kasi ya kuzaliana. Joto la mchana ndani ya kontena humrudishia kasi hiyo. Njia inayofaa ni mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba: mdudu hukosa hewa na kufa bila dawa, na matone ya paani hayafiki kwenye punje. Adui mkubwa wa mifuko hiyo ni panya anayeitoboa, na hapo ndipo kontena linasaidia kweli, kwa sababu panya hatoboi chuma. Lakini hata mifuko hiyo inataka mahindi makavu.

Kabla ya kulipa, kagua

Makontena mengi yanayouzwa huku yameshasafiri miaka mingi baharini. Kutoka Dar es Salaam mpaka Sumbawanga kwa barabara ya Mbeya na Tunduma ni zaidi ya kilomita 1,100, kwa hiyo ni vigumu kulirudisha ukigundua kasoro. Nenda ukalione, au mtume mtu unayemwamini pamoja na fundi wa kuchomelea.

Kwanza, ingia ndani mchana, mwenzako afunge mlango, kisha angalia juu na pembeni. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Mlango wa kontena hufungwa kwa nje tu, hivyo anayebaki nje awe mtu wako, na kufuli liwe mfukoni mwako.

Pili, kagua chini. Paa na kuta huonekana kirahisi, lakini vyuma vinavyobeba sakafu ndivyo huliwa na kutu bila mtu kujua. Gonga kwa nyundo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito au hubonyea.

Tatu, nusa. Harufu ya dawa, mafuta au kemikali isiyoisha baada ya mlango kukaa wazi ni sababu ya kutoliweka chakula kabisa.

Nne, angalia mipira ya mlango na uufungue na kuufunga mara kadhaa.

Tano, soma namba na bamba. Kila kontena lina herufi nne na tarakimu saba. Mlangoni huwa na bamba la usalama linalotokana na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972, linaloonyesha namba ya utambulisho na tarehe ya kutengenezwa. Namba ya kwenye bamba, ya ukutani na ya kwenye karatasi zilingane.

Sita, omba karatasi. Kontena likiingia nchini na mzigo, kwa kawaida huhesabiwa kuwa limeingia kwa muda, likitarajiwa kurudi. Likiuzwa hapa ndani linatakiwa kulipiwa kodi zake kwa TRA. Muuzaji akuonyeshe uthibitisho huo na akupe risiti halali. Kontena lisilo na karatasi linaweza kuchukuliwa likiwa na mahindi yako ndani.

Kushusha, msingi na paa la pili

Kabla ya kulipa nauli ya lori, hakikisha kuna winchi ya kulishusha na kwamba inaweza kufika uani kwako. Angalia nyaya za umeme, miti na upana wa njia. Kushusha chuma cha zaidi ya tani 2 kwa magogo na minyororo kumewavunja watu miguu sehemu nyingi. Lipa winchi.

Msingi uwe tayari kabla kontena halijafika. Kwa la futi 20, nguzo fupi nne za zege chini ya pembe zinatosha, ukiongeza mbili katikati kama ardhi ni laini. Likiwa na magunia 80, uzito wote unazidi tani 10, yaani zaidi ya tani 2.5 kwa kila pembe. Udongo mweusi wa mabondeni unaovimba masika na kupasuka kiangazi hauwezi kubeba hilo bila kuchimbwa na kujazwa mawe. Inua kontena angalau sentimita 30 kutoka ardhini ili hewa ipite chini, maji ya mvua yasilifikie na uweze kuona kutu au mchwa. Nguzo ziwe sawa kwa pima maji. Pembe moja ikizama, kontena hujipinda na mlango hugoma. Watu wengi humlaumu fundi wa bawaba wakati kosa liko kwenye msingi.

Kama una fedha ya jambo moja tu la nyongeza, weka paa la pili. Simamisha fremu ya mbao au chuma, ezeka bati juu ya kontena ukiacha nafasi ya nusu mita au zaidi hewa ipite katikati, na bati lizidi pembeni. Mchana paa hilo hupokea jua, na usiku hulizuia paa la kontena kupoa haraka. Joto hupungua, na jasho pia.

Kisha matundu ya hewa. Yale madogo ya kiwandani hayatoshi. Mwambie fundi akate mengine chini upande mmoja na juu upande wa pili, ili hewa ya moto itoke juu na ya baridi iingie chini. Yafunikwe kwa wavu mgumu wa kuzuia panya na kikinga mvua, na yawe na vifuniko. Kiangazi yaache wazi. Masika, siku za ukungu na mvua mfululizo, yafunge, maana hewa ya nje ina unyevu kuliko ya ndani. Kila palipokatwa papakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Namna ya kupanga

Weka chaga za mbao sakafuni, magunia yakae juu yake. Acha sentimita 30 hadi 50 kati ya magunia na kuta, na angalau nusu mita chini ya paa. Karibu na mlango acha mahali pa kusimama. Ukifuata hivyo, kontena la futi 20 linachukua magunia kama 80 ya kilo 100. Linaweza kubeba mengi zaidi kwa nguvu, lakini utakosa nafasi ya kukagua. Fungua kila wiki mbili, ingiza mkono kati ya magunia: ukisikia joto au harufu ya uvundo, toa nje uanike upya.

Visivyopaswa kukaa humo

Mbolea na viuatilifu visikae pamoja na chakula. Petroli, mitungi ya gesi na rangi za mafuta zisiwekwe kabisa katika kontena lililofungwa. Mvuke wake hujikusanya, na moto ukitokea kontena hulipuka. Mwaka 2011 huko Enderby, Kanada, mzima moto mmoja aliuawa na mlango wa kontena uliorushwa na mlipuko wa namna hiyo. Moto ukitokea, kaeni mbali na upande wa milango na mpigie Zimamoto namba 114.

Vidonge vinavyotoa gesi ya kuua wadudu visitumiwe kienyeji. Gesi hiyo huua watu pia, na kontena la uani liko hatua chache kutoka dirisha la chumba cha watoto. Kazi hiyo ni ya mtu mwenye mafunzo na kibali. Uliza kwa afisa kilimo au kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Na watoto wenyewe. Mlango wa kontena haufunguki kwa ndani, na mtoto aliyejificha humo akicheza hasikiki vizuri. Kila unapoondoka funga kufuli, hata kama ndani hamna kitu, na angalia ndani kabla ya kufunga.

Mvua za huku huja na radi. Sanduku la chuma lililofungwa hupitisha umeme wa radi kwenye ganda lake la nje, hivyo vilivyomo ndani huwa na kinga kiasi, lakini anayeegemea ukuta wake kwa nje yuko hatarini. Fundi umeme aunganishe kontena na ardhi kwa waya na fimbo ya shaba, hasa kama umeingiza taa ndani.

Kibali na mipaka

Kontena halijajengwa kwa tofali, lakini linachukua nafasi ya kudumu kwenye kiwanja. Ndani ya eneo la mipango miji, anza kwa mtendaji wa mtaa kisha ofisi ya mipango miji ya Manispaa, uulize kibali kinachohitajika. Wa vijijini waanze na serikali ya kijiji. Usiliweke kwenye hifadhi ya barabara: kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Kuhamisha kontena lenye mzigo ni kuita winchi tena kwa gharama yako.

Kontena au stoo ya tofali?

Usilinganishe bei ya kontena peke yake na bei ya stoo. Jumlisha kontena, nauli, winchi, msingi, paa la pili, matundu na rangi, halafu mwulize fundi wako stoo ya tofali za kuchoma ya ukubwa huo huo itagharimu kiasi gani. Hapa kwetu tofali zinapatikana karibu, na ukuta wa tofali haupati joto wala kupoa haraka kama chuma. Kwa mwenye kiwanja chake na mahindi ya kuhifadhi tu, mara nyingi stoo ya tofali iliyoinuliwa na kuzibwa panya, pamoja na mifuko isiyopitisha hewa, itamfaa zaidi. Kontena linafaa zaidi kwa mwenye vitu vinavyoibiwa, aliyepanga kiwanja, anayetarajia kuhama, au anayehitaji stoo ndani ya wiki moja.

Yule mama tuliyemtaja mwanzoni bado anatumia kontena lile. Sasa lina paa la bati juu yake na chaga ndani, na kila msimu kabla gunia halijaingia, chupa ya chumvi hutikiswa mbele yake. Chumvi ikinata, gunia hurudi juani.